Mchagua Jembe Mchangani

Mizani ya samaki pale ufukweni Kiunga ina kulabu nene ya chuma. Alasiri moja, kamba mawe walipokwisha kupimwa na kutiwa kwenye masanduku ya barafu, niliomba ruhusa nitundike baiskeli yangu. Mshale ulizunguka ukasimama kwenye kilo 19. Nilisogea nikausoma tena. Kwa miezi mitatu nilikuwa nikiisukuma baiskeli hiyo mchangani zaidi ya kuipanda, na sasa nilikuwa nimejua sababu moja. Mzee mmoja aliyeketi kwenye kivuli akishona jarife hakuinua hata kichwa. "Mwanangu," alisema, "mchagua jembe si mkulima."

Nilinyamaza kwa adabu. Mzee alitaka nielewe kwamba mwenye nia ya kazi huifanya kwa chombo alichonacho, na kwamba baba zetu walivuka bahari kwa matanga yenye viraka na bado wakafika. Sikuwa na ubishi na baba zetu. Lakini nilikuwa na miaka 46, mgongo unaouma, na hamu ya kuendesha baiskeli ambayo sikuwahi kuwa nayo tangu utoto. Neno lake lilinikaa moyoni kwa muda mrefu. Ninayoyaandika hapa ni jibu langu kwake, na kwa kila aliyeiacha baiskeli akiwa kijana na sasa anataka kuirudia.

Kiunga ni mji wetu Wabajuni, karibu na mwisho wa pwani ya Kenya kabla hujaingia Somalia. Mbele yetu, sambamba na pwani, umejipanga mlolongo wa visiwa vidogo kama 50 kwa urefu wa kilomita 60 hivi. Visiwa hivyo na maji yake ndivyo hifadhi ya bahari ya Kiunga iliyotangazwa mwaka 1979. Nyuma yetu kuna vichaka, kisha msitu wa Boni. Kati ya bahari na msitu, mguu hukanyaga mambo matatu: mchanga, mwamba wa matumbawe ya kale wenye ncha na mashimo, na barabara ya udongo ambayo magari yameifanya mawimbi kama bati la paa.

Nilijifunzia baiskeli hapo. Ami yangu alikuwa na Phoenix nyeusi ya Kichina aliyobebea samaki, na akilala mchana sisi watoto tuliichukua. Tulikuwa wafupi mno kukalia kiti, kwa hiyo tulipitisha mguu mmoja chini ya bomba la juu la fremu na kukanyaga hivyo hivyo, mwili umeinama upande mmoja kama mashua iliyokamatwa na upepo. Haikuwa na gia wala springi, ila zile za kiti. Katika kumbukumbu yangu, Phoenix ile haikuwahi kukwama popote. Ilipita mchangani, ilipita juu ya mwamba, ilipita usiku. Kumbukumbu hiyo ndiyo iliyonipotosha baadaye.

Niliondoka kwenda kusoma Mombasa, nikawa mwalimu huko huko, nikakaa miaka 26 bila kupanda baiskeli. Mjini nilipanda matatu, nikapanda tuktuk, nikanenepa. Mwaka mmoja kabla ya kurudi nyumbani daktari aliniambia sukari imeanza kupanda, na pingili za kiuno zimebanana. Alinishauri nitafute zoezi nitakaloweza kulifanya kila siku bila kulichukia. Jibu lilinijia pale pale kitini: baiskeli. Nilipopata uhamisho wa kurudi Kiunga, niliona kwamba mambo yamejipanga.

Nilinunua ya kwanza kwa pupa, siku mbili kabla ya safari, katika duka moja la Mombasa. Ilikuwa mpya, ina rangi ya chungwa, ina springi mbele na springi nene nyuma, na muuzaji aliniambia ndiyo baiskeli ya milimani kamili. Shilingi 18,000. Niliiona springi ile ya nyuma nikaona dawa ya mgongo wangu. Sikuuliza swali hata moja kuhusu tairi. Basi likaibeba hadi Mokowe, boti ikaibeba hadi Kiunga ikiwa imefungwa ndani ya turubai, na jioni ile ile nikaitoa kwenda ufukweni.

Gurudumu la mbele lilizama hatua ya kumi hivi. Nilishuka, nikasukuma, nikapanda, likazama tena. Nilipohamia kwenye mwamba, ile springi ya nyuma ilinirusha. Kila nilipogonga jiwe, kiti kilizama halafu kikanipiga kutoka chini kwa nguvu ile ile. Na nilipokanyaga pedali kwa bidii ili niongeze mwendo, baiskeli ilichuchumaa na kuinuka, ikazichukua nguvu zangu zote yenyewe. Nilifika nyumbani mgongo ukiwa mbaya kuliko nilipoondoka.

Kijana anayetengeneza pikipiki na injini za boti hapa kwetu ndiye aliyenifungulia macho. Aliibonyeza ile springi kwa uzito wa mwili wake, akaiachia, akaitazama ikiruka juu. "Mwalimu, hii haina mafuta ndani," alisema. "Shoki ya pikipiki ukiibonyeza inarudi polepole. Hii inarusha tu."

Alikuwa amegusa kiini cha jambo lenyewe. Springi ikibonyezwa huweka nguvu, na ikiachiwa huirudisha yote kwa mara moja. Ndani ya shoki ya kweli kuna mafuta yanayolazimishwa kupita kwenye vitundu vidogo, na kupita huko ndiko kunakochelewesha springi isirudi kwa kishindo. Pigo la jiwe hugeuka joto kidogo ndani ya mafuta, mwili wako ukabaki umetulia. Baiskeli nyingi za bei nafuu zenye springi mbili hazina mafuta hayo. Zina umbo la shoki tu, pamoja na uzito wa chuma chake.

Miezi mitatu baadaye, wiki ile niliyoipeleka kwenye mizani, fremu ya nyuma ilianza kucheza kushoto na kulia. Fundi aliifungua ile bolti ambayo fremu ya nyuma huzungukia. Ndani hamkuwa na beringi. Mlikuwa na bushi ya plastiki, na mchanga wetu mwembamba ulikuwa umeingia na kuisaga hadi ikawa nyembamba kama ganda la kitunguu. Aliiweka kiganjani mwangu. Bado ninayo, kwenye droo ya meza yangu shuleni.

Baada ya mizani na methali ya mzee, nilifanya nilichopaswa kufanya tangu mwanzo. Nilichukua daftari, nikagawa ukurasa sehemu tatu: mchanga, mwamba, barabara ya mawimbi. Kwa mwezi mzima, kila nilipotoka, niliandika nimepita wapi na nimekwama wapi. Mwisho wa mwezi daftari liliniambia mambo mawili. Kwanza, zaidi ya nusu ya njia zangu zilikuwa mchanga. Pili, mgongo haukuwahi kuniuma kwa sababu ya mchanga. Uliniuma kwa sababu ya mwamba na mawimbi ya barabarani.

Mambo hayo mawili yana tiba mbili tofauti, na mimi nilikuwa nimeyachanganya. Mchangani springi haina kazi, kwa kuwa hakuna pigo la kumeza. Kinachookoa mchangani ni tairi pana lenye hewa kidogo, linalojitandaza juu ya mchanga badala ya kuukata. Tairi zangu za kwanza zilikuwa na upana wa inchi 1.95 na nilizijaza hadi zikawa ngumu kama gogo, kwa sababu ndivyo ami alivyojaza za Phoenix. Siku moja nilizipunguza hewa hadi kidole gumba kikazama kidogo, nikapita pale nilipokuwa nikikwama kila siku. Nilisimama upande wa pili nikatazama nyuma alama ya tairi, pana na isiyo na kina, nikajua kwamba kabla ya kuhesabu springi nilipaswa kupima upana wa tairi.

Baadaye nilisoma jinsi baiskeli za milimani zilivyoanza, nikaona kwamba waanzilishi wake walipita njia hiyo hiyo. Miaka ya 1970, katika kaunti ya Marin huko California, kundi la vijana lilichukua baiskeli nzito za zamani zenye tairi nene na kuteremka nazo mlimani. Mashindano yao maarufu yalianza Oktoba 1976 kwenye mteremko walioupa jina la Repack, kwa sababu breki iliyo ndani ya kitovu cha gurudumu la nyuma ilipata moto hadi grisi yake ikaungua, na kila baada ya mteremko iliwabidi wajaze grisi upya. Wakabadilisha breki, wakaongeza gia, na mmoja wao, Joe Breeze, akatengeneza fremu mpya kwa ajili ya mteremko ule. Mwaka 1981 kampuni ya Specialized ilianza kuuza baiskeli yake ya Stumpjumper kwa wingi, na foku ya kwanza ya kampuni ya RockShox, yaani uma wa gurudumu la mbele wenye shoki ya mafuta na hewa, ilikuja mwaka 1989. Ilichukua zaidi ya miaka kumi tangu mteremko ule kabla ya springi ya maana kufika mbele, na ya nyuma ikaenea baadaye zaidi. Ardhi ilitangulia. Kila kipande kiliongezwa baada ya ardhi kukidai.

Na kwetu ndivyo mambo yalivyo siku zote. Vichochoro vya mji wa Lamu ni vyembamba, kwa hiyo punda ndiye aliyekuwa gari. Maji ya ndani ya visiwa hupwa sana, kwa hiyo vyombo vyetu vikajengwa viweze kukaa juu ya mchanga bila kuvunjika. Hakuna aliyeuliza kipi kinapendeza. Mahali palijibu.

Basi, je, nilihitaji springi mbili? Swali hili nililipa muda, kwa sababu jibu rahisi lilikuwa hapana. Baiskeli yenye shoki mbele tu ni nyepesi zaidi kwa bei ile ile, ina vipande vichache vya kuharibika, na kwa njia ya mchanga inatosha kabisa. Mtu wa miaka 25 hapa Kiunga ningemwambia anunue hiyo bila kusita. Likizo ya Aprili, Mombasa, mwalimu mwenzangu aliniazima yake ya namna hiyo kwa wiki mbili, nikatafuta njia za mwamba zinazofanana na zetu. Dakika 20 za kwanza nilifurahi. Baada ya dakika 40 kiuno kilianza kunichoma, na nilijikuta nimesimama juu ya pedali kila jiwe lilipokuja hadi mapaja yakaishiwa nguvu. Nilirudia mara nne, siku tofauti. Kila mara ilikuwa vivyo hivyo. Hapo ndipo nilipoamua kwamba mwili wangu, kwenye mwamba wangu, unataka shoki mbili za kweli, na kwamba ningelipia gharama yake nikiwa najua ninachokilipia.

Nilidunduliza kwa mwaka mmoja na nusu. Mpya ya namna hiyo ni pesa ambayo mwalimu hawezi kuitoa, kwa hiyo nilitafuta ya mtumba. Niliyoipata ilikuwa na umri wa miaka kama kumi, fremu ya alumini, magurudumu ya inchi 29, shoki za hewa na mafuta zenye mwendo wa milimita 130 mbele na nyuma. Bei ilikuwa shilingi 70,000. Safari hii sikuitazama rangi. Niliishika kwenye kiti nikaiinua polepole mpaka gurudumu la nyuma likaanza kuondoka chini, nikisikiliza kwa vidole. Beringi za fremu zikiwa zimekwisha, utasikia mshindo mdogo kabla gurudumu halijanyanyuka. Hii ilinyanyuka bila mshindo. Nilipitisha ukucha juu ya nguzo za foku, taratibu, kutoka juu hadi chini. Mkwaruzo ukishika ukucha, sili itakatika na mafuta yatavuja. Nilibana breki ya mbele nikaisukuma mbele na nyuma kuona kama shingo inacheza. Nilisoma namba iliyopigwa chini ya fremu, nikamtaka muuzaji aiandike kwenye risiti pamoja na jina lake, ili nisije nikapanda kitu kilichoibwa kwa mwenzangu.

Kisha nikaketi. Kisigino kwenye pedali iliyo chini kabisa, mguu uliponyooka bila kiuno kuinama, nikajua urefu wa kiti. Mikono ilifika kwenye usukani bila mgongo kujikunja. Kwa anayerudi, jambo hili linazidi chapa na idadi ya gia. Fremu iliyokupita kimo au iliyokuminya haitaokolewa na shoki yoyote duniani.

Mambo matatu niliyabadilisha kabla sijaivusha bahari. Breki zake zilikuwa za mafuta, nzuri sana, lakini mafuta yake na vifaa vya kuondolea hewa havipatikani karibu nami. Niliweka breki za diski zinazovutwa kwa waya, kwa sababu waya naweza kuununua Lamu nikarudi nao mfukoni. Vinywa vya mipira yake ya ndani vilikuwa vile vyembamba vinavyotaka pampu ya aina yake. Fundi wa Mombasa alipanua tundu la kila ringi kidogo, nikaweka mipira yenye kinywa kama cha gari, na sasa kila pampu ya bodaboda Kiunga ni pampu yangu. Tatu, niliweka tairi za inchi 2.4, ndani ya mipira nikamimina dawa ya kuziba pancha, kwa ajili ya miiba ya vichakani. Na nikanunua kitu kimoja ambacho mwanzoni sikukijua: pampu ndogo ya shoki, yenye kipimo. Shoki ya hewa bila pampu hiyo ni deni. Siku hewa ikipungua, baiskeli nzima inakaa ukutani kusubiri boti.

Tulipofika Kiunga, mimi na yule kijana fundi tuliifanya kazi moja ambayo naipenda kuliko zote. Kwenye nguzo ya shoki ya nyuma kuna pete nyembamba ya mpira. Aliisukuma hadi ikagusa sili, akashika usukani, nami nikapanda taratibu na mkoba wangu wa madaftari mgongoni, nikatulia kama niko njiani, nikashuka bila kutikisa. Pete ilikuwa imesogea. Tulipima kwa rula ya darasani: milimita 9. Shoki yenyewe husogea milimita 50 tu gurudumu la nyuma likisogea 130, na baiskeli ya njia za porini hutaka izame robo au zaidi kidogo ukiikalia, yaani milimita 13 hadi 15, ili gurudumu liweze kushuka kwenye mashimo kama linavyopanda juu ya mawe. Tukatoa hewa kidogo, nikapanda tena. Milimita 11. Tukatoa tena. Milimita 14. Fundi alikuwa amechuchumaa, macho karibu na ile rula, na tulipofika 14 tulitazamana kama watu waliosawazisha mashua kwa jiwe la mwisho. Ninarudia kipimo hicho kila mwezi, na kila ninapopungua kilo natoa hewa kidogo. Nimeipunguza mara tatu.

Kuitunza hapa ni somo lenyewe. Chumvi haiko baharini tu, iko hewani, na cheni isiyopakwa mafuta huota kutu ndani ya siku kumi. Wauzaji wote watakuambia uioshe baiskeli kwa maji baridi. Lakini maji yasiyo na chumvi kwetu ni yale ya mvua, tunayoyakinga kwenye jabia, na ukame ukija kila ndoo huhesabiwa. Siwezi kuosha baiskeli kwa maji ambayo jirani yangu atayanywesha watoto. Kwa hiyo natumia brashi kavu ya kuondolea mchanga, kitambaa kilicholowa kikombe kimoja cha maji, kisha kitambaa cha mafuta mepesi kwenye cheni na vichwa vya bolti. Siipitishi baharini hata kina cha kifundo cha mguu, kwa sababu maji ya chumvi yakiingia kwenye beringi hayatoki. Mara moja kwa mwaka fundi anafungua beringi za fremu, anazijaza grisi ile ile ya injini za boti, iliyotengenezwa kwa ajili ya chumvi. Wazo hilo lilikuwa lake.

Huyo fundi ndiye nusu ya baiskeli yangu. Kule Kikuyu, nje ya Nairobi, David Kinjah amekuwa akiwakusanya vijana katika kundi lake la Safari Simbaz, wakijifunza kutengeneza baiskeli pamoja na kuziendesha. Chris Froome, aliyeshinda Tour de France mwaka 2013, 2015, 2016 na 2017, alianzia kwenye njia za vijiji vile akimfuata Kinjah. Ninapomfikiria Kinjah, naifikiria zaidi ile karakana kuliko zile jezi za njano. Anayechagua baiskeli ajiulize mapema: ikivunjika Jumatatu, nani ataishika Jumanne? Kama jina halipo, atafute baiskeli nyingine, au amlete fundi aione kabla hajalipa.

Na safari zangu sasa zinafuata kalenda ya maji. Katika bamvua, maji hupwa sana kuanzia saa nne asubuhi, na ufuo hufunguka mpana, mgumu, unaobeba tairi bila kulalamika. Lakini saa nne niko darasani, kwa hiyo bamvua ni ya Jumamosi. Katika maji mafu, kupwa hudondokea jioni, ufuo ni mwembamba, nami natoka muda mfupi tu baada ya shule. Mtoto wa darasa la pili hapa kwetu anayajua haya. Mimi niliyajua pia, halafu mji ukanisahaulisha, na baiskeli ikanirudisha kuyatazama.

Kuna njia ambazo siziendi. Ile inayopita msituni kuelekea Bodhei na Hindi, ambayo wazee wetu waliisafiri, imekuwa na hatari ya vilipuzi kwa miaka mingi tangu vita vya ng'ambo ya mpaka vilipomwagikia kwetu, na tangu 2015 msitu umekuwa chini ya operesheni ya kijeshi. Hata kuelekea kaskazini, kwenye magofu na makaburi ya kale ya Ishakani, siondoki bila kuuliza na kuaga. Nilipokuwa nikiota baiskeli kule Mombasa, niliota nikipita njia hizo zote kama nilivyokuwa mtoto. Ningeweza kununua chombo cha kuyavuka mapori yale, kizito na imara, kikakaa ukutani kunikumbusha nisichoweza kufanya. Nilijifunza kuchagua kwa ajili ya njia zilizo wazi leo. Nazo si chache: ufuo, mwamba, barabara ya mawimbi, na vijia vya kwenda visimani na mashambani ambavyo utotoni nilivipuuza.

Mtu anayerudi hubeba picha mbili, ya mahali palivyokuwa na ya mwili ulivyokuwa, na zote mbili humshauri vibaya. Phoenix ya ami haikukwama katika kumbukumbu yangu kwa sababu nilikuwa na kilo 30 na sikuwa na haraka. Leo nina 86 na mgongo wenye historia. Daftari la mwezi mmoja lilinifaa kuliko kumbukumbu ya miaka 30, na wiki mbili za kuazima zilinifaa kuliko maneno ya muuzaji. Ile ya rangi ya chungwa nilimpa fundi. Magurudumu yake sasa yako chini ya mkokoteni wa maji, na hapo hayajawahi kuniangusha.

Jumamosi moja ya bamvua nilipita tena ufukweni, yule mzee akiwa mahali pake. Nilishuka kwenye baiskeli yangu ya pili, nikaomba mizani. Kilo 14. Safari hii aliinua kichwa. Nyuma yake, kwenye vigingi, nyavu zake tatu zilikuwa zimetundikwa zikauke: jarife lenye macho ya kupitisha ngumi, nyavu ya macho ya kati, na moja ya macho madogo ambayo kidole hakipiti. Kila moja ina samaki wake na maji yake, na hajawahi kuitega moja mahali pa nyingine.

"Mzee wangu," nilimwambia, "naona hata wewe ni mchagua jembe."

Alizigeukia nyavu, akazitazama moja baada ya nyingine. Kisha alinyoosha mkono, akakibonyeza kiti cha baiskeli hadi shoki ikazama, akakiachia, akakitazama kikirudi juu polepole. Alikibonyeza mara ya pili. Maji yalikuwa yamekwisha kupwa na ufuo wa kusini ulikuwa wazi hadi jicho linapofika. Nilimuaga, nikapunguza hewa kidogo kwenye tairi, nikaondoka.